Kuvunja ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia: mwongozo wa nyumba ya tofali na bati

Jiko la nyumba nyingi za familia Dar es Salaam ni chumba kidogo kilichobanwa nyuma. Mlango mmoja unatoka uani, mwingine unaingia koridoni, na kati yake na chumba cha kulia umesimama ukuta wa tofali za inchi sita. Sahani zinazunguka koridoni kwenda mezani, kisha zinazunguka tena kurudi kwenye sinki. Ukiuondoa ukuta huo unapata chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya pande mbili, bila kuchimba hata hatua moja ya msingi mpya.

Kuvunja kwenyewe ni kazi ya siku moja. Kinachoiharibu ni kusahau mzigo uliokuwa juu ya ukuta na moshi uliokuwa nyuma yake. Kwa hiyo tutaanza na hayo mawili. Rangi ya makabati itasubiri.

Nyumba ninayoizungumzia ni ya chini, ya tofali za saruji, yenye lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) iliyozunguka nyumba nzima, na kenchi za mbao, yaani fremu zinazobeba paa, zilizoezekwa bati. Kama juu ya jiko kuna slabu ya zege au ghorofa, weka chini nyundo umwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hatua nyingi za hapa hazitakufaa. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe Zanzibar au za Lamu nazo hazimo. Kuta zake nene za mawe na chokaa zimebeba boriti za mikoko, na miji hiyo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO (Zanzibar tangu 2000, Lamu tangu 2001), hivyo ukuta wa ndani nao una wenyewe wa kuombwa ruhusa.

Hatua ya 1: Jua nyumba yako inapika nini, na moshi unakwenda wapi

Kaa na wanaopika, si wanaokula tu. Samaki anakaangwa mara ngapi kwa wiki? Maharage yanachemshwa kwa gesi au kwa mkaa? Shughuli ikiwapo, masufuria makubwa yanawekwa wapi? Jiko la mkaa halina nafasi kwenye chumba kilichounganishwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na sasa hewa hiyo itafika hadi walipokaa watoto mezani. Likae uani, chini ya kibanda chenye paa na upande mmoja wazi. Wazee walipoliweka jiko uani walijua walichokifanya, na anayeunganisha jiko na meza leo bado anahitaji kajiko ka nje kwa mkaa, samaki na masufuria ya wageni. Kama huna pa kuweka kajiko hako, fikiria mara mbili kabla ya kuvunja ukuta wote.

Kisha pima upepo. Pwani tuna pepo mbili kubwa: kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi kutoka kaskazini mashariki, na kusi, inayotawala miezi ya katikati ya mwaka kutoka kusini. Saa ya kupika, fungua milango na madirisha kama kawaida yenu, washa kijiti cha udi, kishike pale jiko la gesi lilipo na uangalie moshi wake. Ukitoka dirishani moja kwa moja, una bahati. Ukiingia koridoni na kuelekea sebuleni, ndiko harufu ya vitunguu itakakokwenda kila siku baada ya ukuta kuondoka. Rudia jaribio hilo upepo ukibadilika. Udi ni bei ya karanga, na jibu lake linaweza kukufanya uhamishie jiko ukuta wa pili wakati bado kuhamisha ni mstari wa chaki tu.

Jambo la tatu ni sitara. Zipo nyumba ambazo mwenye kupika hapendi kuonekana na kila mgeni wa kiume anayeketi mezani, na mafundi huwa hawaulizi. Usivunje kwanza ukaja kutafuta pazia baadaye. Chagua mapema kati ya haya: kuvunja wote, kuacha nusu ukuta wa mita moja na kidogo na kuweka kaunta juu yake, kufungua dirisha kubwa la kupitishia chakula, au kuvunja wote na kuweka mlango wa kuteleza wa alumini na kioo chenye ukungu. Kwa maoni yangu, nusu ukuta ndio unaozifaa nyumba nyingi. Unaficha vyombo vichafu, unazuia mafuta yasirukie kwenye viti, unakupa pa kuweka soketi, na mwezi wa Ramadhani, futari ikiandaliwa kwenye mkeka, anayepakua anawapitishia walioketi juu ya kaunta bila kuruka mtu.

Hatua ya 2: Panda darini

"Mama, huu ukuta hauna kazi, ni wa kugawa tu," fundi atakwambia huku akiugonga kwa kiganja.

"Sawa fundi wangu. Panda darini kwanza, ukishuka tuongee."

Kugonga ukuta hakuonyeshi kilicho juu yake. Pandeni asubuhi, kabla bati halijawaka, kwa kupitia kimlango cha darini ambacho mara nyingi kiko koridoni. Chukueni tochi yenye mwanga mkali, na mkanyage mbao tu. Silingi bodi, ile bodi ya dari, haibebi mtu. Tafuteni mahali ukuta wenu ulipo, kisha mtazame kenchi zinavyopita juu yake.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni maungio. Mbao ya chini ya kenchi, ile inayolala kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, ni ndefu kuliko mbao zinazouzwa, kwa hiyo mafundi huiunga. Wengi huiunga juu ya ukuta wa ndani kwa misumari michache, wakitegemea ukuta uipokee. Ukiona vichwa viwili vya mbao vimekutana juu ya ukuta unaotaka kuuvunja, ukuta huo unafanya kazi, hata kama mchoro wa nyumba ulisema ni wa kugawa. Pili, angalia kama kuna mti au mbao iliyosimamishwa juu ya ukuta kushikilia mgongo wa paa. Tatu, ukuta wenyewe: umeishia kwenye lenta na kozi (mistari) chache za tofali, au umepanda hadi kugusa bati? Ukipanda hadi bati, papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, huenda zimeulalia.

Mkiwa huko juu, chomeni mbao kwa bisibisi mahali zinapokutana na tofali. Ikizama bila kutumia nguvu, mchwa wameshaanza, na ubadilishaji wa mbao uingie kwenye bajeti sasa.

Kama kenchi zinapita juu ya ukuta bila kuungwa, bila mti uliosimama, na zina mwanya juu ya tofali, ukuta wako unajibeba wenyewe na zile kozi chache za juu. Kazi inakuwa nyepesi. Hata hivyo bimu bado inahitajika, kwa sababu lenta ya kawaida ilimwagwa kuvuka mlango wa sentimita 90 au dirisha la mita moja na nusu. Kuvuka mita tatu hewani haikuandaliwa.

Hatua ya 3: Kibali na makubaliano

Ukarabati unaogusa muundo wa nyumba unahitaji kibali cha halmashauri. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, watakuelekeza. Kama umepanga, hata ukiwa na mkataba mrefu, ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi.

Mlipe mhandisi kwa ziara moja na mchoro wa bimu. Ni sehemu ndogo sana ya gharama yote. Na fundi mkubaliane kwa hatua: malipo ya kwanza baada ya kuegemeza na kumwaga bimu, ya pili baada ya kuvunja na kuondoa kifusi, ya tatu baada ya sakafu na plasta, na kiasi cha mwisho kibaki mkononi mwako hadi umalize orodha ya marekebisho. Vifaa nunua mwenyewe, au uende naye dukani. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Muulize, hataona vibaya kama anayo.

Hatua ya 4: Chora sakafuni kwa chaki

Kabla ya kubomoa, hamisheni meza, kisha chora kila kitu sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Karatasi inavumilia mambo ambayo makalio ya watu hayavumilii.

Vipimo vinavyokubalika: kaunta ya kufanyia kazi iwe na kimo cha sentimita 90 (kwa mpishi mfupi, 85), na upana wa 60 kutoka ukutani. Kaunta ya kukalia viti virefu iwe na kimo cha 105 hadi 110. Njia kati ya kaunta mbili zinazotazamana isipungue mita moja, na kama watu wawili hupika pamoja, ifike mita 1.2. Mezani kila mtu anataka sentimita 60 za ukingo. Meza ya watu sita ni karibu 150 au 180 kwa 90. Nyuma ya kiti acha sentimita 75 hadi 90, ili aliyekaa asiinuke kila mwenye sufuria ya moto anapopita.

Sinki libaki lilipo kama inawezekana kabisa. Jiko la gesi unaweza kulihamisha na friji pia, lakini sinki likihama linavuta bomba la maji machafu, na bomba hilo linataka mteremko wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita hadi kwenye chemba ya nje. Kulipitisha chini ya jamvi, yaani zege ya sakafu, ni kuvunja sakafu nzima. Jiko la gesi nalo usiliweke kwenye ncha ya kaunta iliyo jirani na njia, mahali mtoto anapopita mbio na mpini wa kikaango umejitokeza. Wala usiliweke chini ya dirisha lenye pazia.

Chora pia mwisho wa uwazi. Usivunje ukuta hadi kwenye kona. Acha bega la sentimita 60 kila upande. Hilo ndilo litakalobeba ncha za bimu na kuushika ukuta wa nje usiyumbe.

Hatua ya 5: Toa umeme, maji na gesi njiani

Zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa testa kwamba soketi za ukuta huo hazina umeme. Kwenye nyumba zilizoongezewa vyumba kidogo kidogo, waya mmoja huweza kupitia upande usioutarajia. Nyaya zinazoshuka ndani ya ukuta ziondolewe kuanzia darini. Hazikatwi na kufungwa utepe halafu zikaachwa zinaning'inia.

Huu ndio wakati wa kupanga upya. Soketi za kawaida ziende kwa waya wa milimita za mraba 2.5, taa kwa 1.5, na kama unategemea jiko la umeme au oveni kubwa, lipate laini yake peke yake ya milimita za mraba 6 kutoka kwenye breka yake. Ongeza soketi kuliko unavyodhani: birika, blenda, mashine ya kukunia nazi na chaja za simu zote zitagombania kaunta moja. Kuwe na breka inayokata umeme unapovuja, maana hapa maji na umeme ni majirani.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka sakafuni na kutambaa, na sasa hakuna ukuta wa kuizuia isifike chini ya meza ya chakula. Mtungi ukae nje, kwenye kizimba cha nondo chenye kivuli na hewa, usiwe karibu na chemba wala shimo lolote, na bomba la shaba liingie ndani kupitia ukutani likiwa na valvu unayoifikia bila kuvuka moto. Ukilazimika kuuweka ndani, toboa tundu la hewa chini kabisa ya ukuta wa nje, kwenye usawa wa sakafu. Kwa nyumba chache za Mikocheni na Mtwara zilizounganishwa gesi asilia ya bomba, mambo yako kinyume: gesi hiyo ni nyepesi, inapanda, na tundu linatakiwa juu.

Hatua ya 6: Egemeza paa, kisha mwaga bimu kabla ya kuvunja

Hapa ndipo pa kutulia. Njia ninayoipenda kwa nyumba ya chini ni ya kumwaga bimu mpya wakati ukuta wa chini bado umesimama, ukuta uwe ndio sakafu ya fomu, yaani kalibu ya kumwagia zege. Wengi huvunja kwanza halafu wanatafuta mbao za kushikilia zege hewani, kazi ikawa mbili.

Anza kwa kutoa silingi bodi kiasi cha mita moja kila upande wa ukuta. Laza mbao nene ya mbili kwa sita chini ya kenchi, sambamba na ukuta, upande wa jiko na upande wa chumba cha kulia. Isimamishie mirunda imara au nguzo za chuma za kukodi, zisiachane zaidi ya mita moja, umbali wa sentimita 60 hivi kutoka ukutani ili mafundi wapate pa kufanyia kazi. Chini ya kila mrunda weka kipande cha mbao pana, mzigo usichimbe sakafu. Kaza kwa kabari hadi mbao ikumbatie kenchi, kisha acha. Usiinue paa. Ukisikia misumari ya bati ikilia juu, umezidisha.

Sasa toa kozi za tofali zilizo juu ya lenta, kwa urefu wa uwazi na sentimita 20 au zaidi kila upande. Vunja zege ya lenta kwenye sehemu hiyo taratibu kwa tindo, ukiziacha nondo za zamani zimejitokeza kila upande angalau sentimita 60, zilale pamoja na nondo mpya. Kwa kufanya hivyo mkanda wa lenta wa nyumba nzima haukatiki.

Bimu mpya inakaa mahali pa lenta na kozi iliyokuwa juu yake. Usiruhusu iwekwe chini ya lenta: lenta iko kwenye mita 2.1, na bimu ya sentimita 30 ikining'inia chini yake itamgonga mtu paji la uso. Kwa kukadiria tu, kina cha bimu ni sehemu moja ya kumi hadi kumi na mbili ya uwazi, kwa hiyo mita tatu zinadai sentimita 25 hadi 30. Idadi na unene wa nondo ni kazi ya mhandisi wako. Wewe kagua kwamba zilizofungwa ndizo zilizochorwa, kwamba nondo nene ziko chini, na kwamba chini na pembeni ya nondo kuna vijiwe vya zege vya milimita 25 ili chuma kisiguse fomu. Kwetu pwani chumvi ya hewani inakitafuta chuma chochote kilicho karibu na uso wa zege. Kwa sababu hiyohiyo mchanga wa baharini usikaribie kazi hii, hata mtu akikuapia kwamba umeoshwa.

Tandika nailoni nene juu ya kozi ya mwisho ya ukuta uliobaki, hapo zege itakapokaa, ili bimu isishikane na tofali utakazozivunja baadaye. Piga mbao za pembeni. Zege iwe ya saruji ya daraja la 42.5, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Bimu ya urefu wa mita 3.5, upana sentimita 15 na kina sentimita 30 ni mita za ujazo 0.16 tu, na mifuko miwili ya saruji inatosha ikabaki kidogo. Maji yawe machache. Mafundi wanapenda zege laini kwa sababu inateremka yenyewe, lakini kila kopo la maji la ziada linapunguza nguvu. Ishindilieni kwa nondo hadi mapovu yaishe, hasa kwenye ncha.

Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, ukiifunika kwa magunia yaliyoloa. Zege inahesabiwa kufikia nguvu yake ya kubuniwa kwa siku 28, na kwa kuwa ukuta bado uko chini yake na jiko linatumika, huna sababu ya kuharakisha. Rudishia kozi za juu ya bimu wiki ya pili, uzikaze vizuri hadi zikutane na mbao ya kenchi, na yale maungio ya mbao uliyoyaona darini yapigiwe vipande vya mbao pande zote mbili kwa bolti.

Hatua ya 7: Vunja

Funika milango ya vyumba vingine kwa nailoni na utepe. Toa friji. Vumbi la saruji linaingia hadi kwenye mashuka yaliyo kabatini.

Kata plasta kwa grainda kwenye mistari ya mwisho wa uwazi, pande zote mbili, ili mpasuko usikimbilie kwenye bega la ukuta. Kisha anza juu, chini ya bimu, utoe tofali moja moja kwa tindo na nyundo ndogo, ukishuka kozi kwa kozi. Nyundo kubwa inayopigwa katikati ya ukuta inapendeza kwenye video, lakini inaangusha kipande kizima kwa mara moja na kutikisa mabega uliyoyaacha. Ukiacha nusu ukuta, simama kwenye kozi ya nne au ya tano uifunike kwa saruji siku hiyohiyo.

Ukuta wa mita 3 kwa 2.1 una tofali karibu 60, na kila tofali imara ya inchi sita ina karibu kilo 30. Hiyo ni tani 1.8 bila plasta. Agiza kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na ukubaliane na mwenyewe kwa safari, kwa sababu haibebi yote mara moja. Tofali nzima zitenge. Zitajenga miguu ya kaunta.

Mirunda iondolewe mwisho, moja moja, ukianzia katikati ya uwazi kwenda pembeni. Simama uangalie chini ya bimu. Ufa mwembamba wa plasta si hoja. Ufa wa zege unaoanzia chini katikati ya bimu na kupanda ni sababu ya kurudisha mirunda na kumpigia mhandisi.

Hatua ya 8: Sakafu

Ukuta ukiondoka unaacha mtaro wa upana wa tofali, na mara nyingi unagundua kwamba sakafu ya jiko iko chini kuliko ya chumba cha kulia, sentimita moja au mbili, ili maji ya kudeki yatoke uani. Usijaze mtaro kwa kifusi kitupu. Safisha, loweka, jaza zege, na tofauti ya kimo iishie kwa mteremko mdogo ndani ya jiko. Kizingiti katikati ya chumba kitamwangusha mtu aliyebeba mchuzi.

Vigae vya zamani hutavipata tena dukani, na ukivipata vitatofautiana rangi. Kama viko salama pande zote mbili, weka kwenye mtaro mkanda wa kigae cha rangi nyingine kabisa, tofauti ya wazi inayoonekana imekusudiwa. Utaonyesha mpaka wa jiko na meza bila ukuta. Ukibadilisha vyote, nunua asilimia 10 zaidi, maboksi yote yawe na namba moja ya toleo, na upande wa jiko uwe wa kigae kisichoteleza.

Hatua ya 9: Kaunta, makabati na feni ya moshi

Makabati ya MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandishwa) yanavutia dukani, lakini yakilowa chini ya sinki yanavimba na hayarudi. Kwa pwani, fremu za alumini au mbao za mkongo na mninga zinadumu zaidi. Milango inaweza kuwa ya MDF kama moyo wako umeshaipenda. Miguu ya tofali na slabu ya zege iliyofunikwa kigae au granaiti bado ni kaunta ya bei nafuu isiyoogopa maji wala mchwa.

Usibane pesa kwenye feni ya kuvuta moshi. Kwa chumba cha mita sita kwa tatu chenye kimo cha 2.8, ujazo ni mita za ujazo 50 hivi, na ili kubadilisha hewa mara kumi kwa saa unahitaji feni iliyoandikwa mita za ujazo 500 kwa saa. Ikae sentimita 65 hadi 75 juu ya moto, bomba lake liwe fupi, nene na lisilo na kona nyingi, na litokeze nje ya ukuta, upande ambao udi ulikuonyesha. Lisiishie darini. Mafuta yatajikusanya kwenye kenchi, siku moja cheche itayapata. Zile feni zinazochuja na kurudisha hewa ndani zinapunguza harufu kidogo, joto linabaki palepale. Umeme ukikatika feni haifanyi kazi, kwa hiyo dirisha la jiko lenye wavu wa mbu libaki la kufunguka.

Hatua ya 10: Plasta, silingi na rangi

Mahali plasta mpya inapokutana na ya zamani, pigilia wavu wa waya wa upana wa kiganja kabla ya kupaka, la sivyo mstari utaonekana ndani ya miezi michache. Rudishia silingi. Ukitaka kuongeza jipsamu ya kuficha bimu, sawa, ila acha kimlango kipya cha kupandia darini karibu na hapo.

Upande wa jiko paka rangi ya mafuta au ile inayooshwa, hadi juu. Plasta ipumzike wiki tatu au nne kwanza, na kama umemaliza kazi masika yakiwa mlangoni, paka koti la kwanza tu. Unyevu ukishakauka pitia mabega ya ukuta na mstari wa chini ya bimu, ziba nyufa ndogondogo, ndipo umwite mpaka rangi amalizie la pili.